Siku yangu ya kwanza kuvua kwa kayaki na chambo hai, Unguja Ukuu: samaki nilipata, maji yakanikimbia

Mgeni_wa_Maji (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wakuu, na shikamoo kwa wakubwa zangu.

Mwaka mzima nimekuwa nasoma humu kimya kimya, leo na mie nimeona nitie mkono. Wengi wenu ni watu wa mashua na mashine, wengine wa ngalawa. Mie ni mtu wa ofisini, mtoto wa mjini, hata kutweka tanga sijui. Ila nina kayaki. Hoteli moja ya pwani ilikuwa inatupa vitu vyake vibovu, binamu yangu anayefanya kazi pale akanipigia: kuna moja imepasuka tumboni, njoo uiwahi kabla haijatiwa moto. Ni ya kukalia juu, siyo ile ya kuingiza miguu ndani. Urefu wake mita tatu na nusu hivi, ina vitundu chini ya kiti vya kutolea maji. Ule ufa niliuziba kwa kuyeyusha kifuniko cha ndoo kwa kisu cha moto, nikaijaza maji usiku kucha nione kama inavuja. Haikuvuja. Basi hapo nikajiona nahodha.

Nina ami yangu Unguja Ukuu Kaepwani, mvuvi wa mshipi tangu kabla sijazaliwa. Nikampigia simu.

"Ami, nakuja Jumamosi kuvua."

"Jumamosi hiyo mwezi mangapi?"

"Mwezi wa kwanza, ami. Januari."

Akanyamaza kidogo, halafu nikasikia anacheka na mtu wa pembeni. "Haya, njoo."

Wanaojua wameshajua kosa liko wapi. Mie sikujua mpaka saa nne asubuhi ya siku ile.

Nikafika saa kumi na nusu alfajiri na gari ya kuazima, kayaki juu. Maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, yametulia, hakuna hata upepo wa kupeperusha kanga. Nikasema moyoni, bahari imenikubali. Tukasali alfajiri, tukatoka na ami kutafuta chambo.

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipojifunza zaidi. Ami hakutaka kusikia habari ya ngisi wa kwenye barafu niliokuja nao. Alichukua kimia chake, akaingia maji ya magotini kwenye kijito kinachotoka ndani ya mikoko, akasimama tu. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Akaniambia usitazame samaki, tazama maji yanapokunjika. Kweli, baada ya dakika kadhaa uso wa maji ukawa kama umekunjwa na kidole, akarusha. Kimia kikafunguka duara, kikashuka. Mikizi wadogo wa urefu wa kiganja kama kumi na watano, na simu (aina ya dagaa) wachache. Simu akawarudisha wote. "Hawa wanakufa ukiwatazama. Mkizi ndiye mwenye roho."

Wa kutia ndoana akachagua wanane tu. Nikamwambia ami, hawa wengine? Akasema ukiwatia wote watakufa wote. Nilikuwa na dumu la mafuta la lita ishirini, la shemeji yangu, nimelitoboa vitundu kwa msumari wa moto ili lielee ubavuni mwa kayaki na maji yapite ndani yenyewe. Ami akaligeuzageuza, akasema si baya, ila litakuvuta. Na kingine alichosisitiza: usimshike chambo kwa mkono mkavu. Ule utelezi wa ngozi ndio uhai wake, ukimfuta anakaa dakika kumi tu halafu anageuka tumbo juu.

Nilishika maji saa kumi na mbili na robo. Naenda kula, nitaendelea usiku.

Chumvi_na_Ndimu

Nimekaa mbele kabisa. "Mwezi wa kwanza, ami, Januari" 😂😂 Wallahi nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananitazama.

Kijana wa Kwerekwe

Naomba kueleweshwa, ami aliuliza nini hasa?

Nahodha_Mstaafu

Kijana, mvuvi akikuuliza mwezi mangapi anauliza tarehe ya mwezi wa angani, ya Kiislamu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanakuwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na mkondo unakwenda mbio. Mwezi nane, tisa, kumi, na tena ishirini na mbili mpaka ishirini na tano, hayo ni maji mafu, hayendi mbali. Na saa zake karibu hazibadiliki hapa kwetu. Bamvua la Unguja linajaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, au limepita kidogo, na linakauka saa nne, saa tano asubuhi. Mtu akikutajia mwezi tu, ushajua saa ngapi pwani itakuwa kavu. Huhitaji simu.

Mwenye uzi, kama ulikuta maji kwenye mizizi ya mikoko saa kumi na nusu alfajiri, basi yaliyokukuta mie nishayaona. Lakini endelea.

Mpemba_Asili

Kayaki ni mchezo wa watalii. Pesa hiyo si ungenunua hori zuri (mtumbwi mdogo) la mwembe likakufaa miaka kumi?

Mgeni_wa_Maji

Ndugu yangu wa Pemba, kayaki nimepewa bure. Hilo hori la bure liko wapi nije nalo?

Mgeni_wa_Maji

Naendelea.

Kutoka ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza. Nilipiga kafi mara kumi, nikapumzika, kayaki inaendelea kwenda. Nikadhani ni ustadi wangu. Kumbe ni maji yanapwa yamenibeba, na nyuma yangu upepo wa kaskazi unaanza kuamka. Kulia naona kisiwa cha Kwale kwa mbali, kushoto mikoko ya kisiwa cha Uzi (ndiyo, uzi wangu umeanzia karibu na Uzi, msinitanie). Mbele Ghuba ya Menai yote iko wazi.

Zana zangu: fimbo moja fupi ya kuvulia, rili yenye nailoni ya namba 60, ndoana zile zilizopinda ncha kuingia ndani kama duara, kisu, chupa mbili za maji, jaketi la kujiokolea. Kafi nililifunga kamba kwenye kayaki, fimbo nayo nikaifunga. Hilo niliwahi kulisoma humu humu, kuna mtu aliandika kwamba kisichofungwa ni cha bahari. Alaa kheri huyo mtu.

Ami alinionyesha pale kijito cha mikoko kinapomwagikia kwenye maji ya kina, rangi inapobadilika kutoka kahawia kuja kijani. Maji yakipwa yanawatoa samaki wadogo wote mikokoni, na wakubwa wanakuja kusimama mlangoni kama watu wanaosubiri futari. Chambo chako kifike hapo kikiwa kizima, kinavuja uoga.

Nikamtoa mkizi kwa mkono uliolowa. Ndoana nikaipitisha mdomo wa juu tu, kwa sababu nilitaka kumrambaza taratibu nyuma ya kayaki, akivutwa kwa mdomo anaogelea mbele kama kawaida yake. Ukimtoboa mgongoni na kumvuta anakwenda ubavu, anazunguka, uzi unajisokota. Mgongoni ni kwa pale unapokaa mahali pamoja, chambo kinaachwa kizunguke chenyewe. Nikaachia kama pima kumi na tano za uzi, nikatia fimbo kwenye tundu lake, nikapiga kafi polepole kama mzee anayekwenda msikitini.

Hapa ndipo kayaki ilipoishinda mashine. Mashine hata ikienda taratibu inamchosha chambo na kumzamisha. Kayaki inakwenda mwendo wa mkizi mwenyewe.

Kwanza ncha ya fimbo ilikuwa inagonga, tik, tik, kama mtoto anayegonga mlango kwa kidole. Hiyo ni mkia wa mkizi. Nimekwenda hivyo kama robo saa, nishaanza kuota ndoto. Halafu kugonga kukabadilika. Tiktiktiktik. Mkizi wangu anatetemeka. Hajaguswa bado, ila ameona kitu ambacho mie sikioni. Nikageuza shingo, nikamwona anaruka juu ya maji hatua ishirini nyuma yangu, anarudi, anaruka tena. Hapo nikaelewa kwa nini wazee wanasema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, ingawa huyu wangu hakuwa na hasira, alikuwa na hofu tu. Chini yake maji yakavimba kama mgongo wa ng'ombe.

Nikafanya nilichokiona kwenye video zote: nikaishika fimbo na kuipiga kwa nguvu zangu zote kwenda juu.

Ikaja nyepesi. Ndoana tupu. Mwishoni mwa ndoana kipande cha mdomo wa mkizi, basi.

Chubwi_Zito

Pole sana. Hilo ni kosa la kila mtu. Ndoana ya duara haipigwi. Samaki akichukua mwachie aende nayo, kisha kaza uzi taratibu, yenyewe inateleza mpaka kwenye pembe ya mdomo inashika. Ukiipiga unaitoa kinywani kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko. Kupiga ni kwa ndoana ya kawaida yenye ncha ya kusimama.

Faida yake nyingine, samaki humeza ndoana mara chache, hivyo ukitaka kumrudisha anarudi mzima.

Mgeni_wa_Maji

Ndivyo ilivyokuwa. Chambo cha pili nikakifanyia adabu. Ncha ilipoanza kutetemeka nikakalia mikono yangu. Nasema kweli, niliweka mikono chini ya mapaja. Fimbo ikainama, ikainama tena, rili ikaanza kulia. Nikahesabu mpaka tano, nikaifunga breki kidogo, na pua ya kayaki ikageuka yenyewe ikaanza kumfuata samaki.

Hili hakuna aliyeniambia. Kwenye mashua unamvuta samaki. Kwenye kayaki mnavutana, na yeye ndiye anayeamua mnakwenda wapi. Kila alipokwenda ubavuni kayaki ililala, nikajikuta nimetoa miguu yote miwili nje, huku na huku, kama mtu aliyepanda punda. Ikawa sawa. Dakika kama kumi, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Akaja juu: kolekole, anang'aa kama sinia jipya, kilo nne na ushei tulipokuja kumpima.

Sina kulabu. Nikamshika mkiani kwa mkono mtupu. Msifanye hivyo. Kolekole ana magamba magumu kama msumeno pale mkia unapoanzia, kiganja changu kimepata mistari mitatu mpaka leo naandika kwa tabu. Nikamlaza katikati ya miguu, nikamfunika na gunia lililolowa, nikapiga takbira peke yangu baharini.

Chambo cha tatu sina la kusema sana. Kilikwenda kwa kishindo kimoja, uzi ukalegea. Nailoni imekatwa kama kwa wembe, juu kidogo ya ndoana.

Chubwi_Zito

Nguru au mzia. Unahitaji waya, urefu wa shibiri mbili unatosha. Na nguru ana tabia ya kumkata chambo mkia kwanza halafu anarudi kuokota, kwa hiyo wanaomtaka hasa huweka ndoana ndogo ya pili karibu na mkia wa chambo, imeungwa na ya mbele kwa waya huo huo. Ila waya ukiwa mnene kolekole anauona na kukataa. Chagua unamtaka nani.

Binti_Ngambwa

Kaka, mbona hujasema ulirudije? Maana sie huku kisiwani habari yako ilifika kabla hujafika nchi kavu 😂

Mgeni_wa_Maji

Aa! Dada wa Uzi umenifichua. Haya.

Saa tatu kasoro nikasema inatosha, nirudi kabla jua halijawa kali. Nikageuza pua. Nikapiga kafi mara kumi, nikapumzika kama nilivyozoea, nikatazama mkoko mmoja mrefu niliouwekea alama. Umekwenda mbali zaidi.

Kaskazi usoni, maji yanatoka, dumu la shemeji ubavuni linavuta kama nanga. Nikapiga kafi bila kupumzika nusu saa, mabega yanawaka. Nikaona hapana, nikawafungulia mikizi waliobaki wajiendee, nikakata kamba ya dumu. Kayaki ikawa nyepesi kweli. Nikatafuta maji mafupi ili nijikinge na mkondo, wazo zuri, mpaka niliposikia tumbo la kayaki linakwaruza. Nikatazama chini: majani ya bahari yamelala yote kuelekea nilikotoka. Nikashuka, maji ya kifundoni. Nikaivuta hatua mia. Maji yamekwisha.

Mbele yangu mchanga na tope na majani, kama kilomita moja mpaka mikokoni. Nyuma yangu mchanga pia, bahari imeshakwenda zake. Kayaki na samaki na maji ya kunywa ni mzigo wa kilo thelathini na kitu. Nilijaribu kuiburuta, tope likanimeza mpaka ugokoni, na nikamwona taa mdogo, yule samaki mwenye mwiba mkiani, anafumuka kwenye mchanga hatua mbili mbele ya mguu wangu. Nikarudi kwenye kiti changu. Nikakaa.

Nilikaa juu ya kayaki, juu ya mchanga mkavu, na jaketi langu la machungwa, kafi mkononi.

Saa nne hivi wakapita kina mama wanne na ndoo zao, wanatoka kuokota chaza na kuchokoa pweza. Wakasalimia kwa adabu zote. Wakapita. Halafu mmoja akageuka:

"Kaka, gari la hapa linapita saa ngapi?"

Wale wengine wakashindwa kutembea kwa kucheka. Lakini walirudi, wakanipa muhogo wa kuchemsha na wakanielekeza: usivuke hapo mbele, kuna tope la kuzamisha, kaa ulipo, maji yatakufuata yenyewe kwenye saa sita na kitu. Na ukitembea buruta miguu, usinyanyue, taa akikusikia anaondoka.

Yakanifuata saa sita na robo kweli. Yaliingia kwanza kama jasho, kwenye nyayo za wale kina mama, kisha kayaki ikatikisika. Nikayafuata taratibu mpaka Kaepwani, nimefika inakaribia saa nane.

Ami amekaa kivulini anashona kimia.

"Umesharudi? Leo mwezi kumi na sita."

"Hukuniambia, ami."

"Nilikuuliza."

Chumvi_na_Ndimu

"Gari la hapa linapita saa ngapi" 😭😭😭 Naomba huyo mama apewe maua yake.

Binti_Ngambwa

Kwetu wanakuita "abiria" sasa. Ukija tena usishangae. Na huo muhogo ulikuwa wa shangazi yangu, chakula chake cha mchana.

Nahodha_Mstaafu

Nimecheka, lakini sasa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe.

Kukwama juu ya mchanga ndiyo iliyokuwa salama yako. Watu wanaogopa upepo wa kusi kwa sababu ya mawimbi yake. Kwa ghuba ile inayoelekea kusini magharibi, kusi itakulowesha, itakutapisha, lakini inakusukuma kuja nchi kavu. Kaskazi inatoka nchi kavu. Ukisimama ufukweni bahari ni kioo, kwa kuwa nchi na mikoko vimekukinga. Kadri unavyotoka ndivyo kinga inavyokuacha, na mawimbi huyaoni kwa sababu yanakupa mgongo, yanakwenda mbele yako. Unakuja kuyajua siku unapogeuka. Ongeza bamvua linalopwa, vyote viwili vinakwenda upande mmoja. Ungekuwa nje zaidi kidogo, usingekwama, ungekwenda.

Kwa kayaki, siku ya kwanza: maji mafu, na utoke maji yakiwa yanaingia au yamesimama. Kwanza pigana na upepo ukiwa na nguvu, uanze kwa kwenda unakotoka upepo, ili kurudi iwe ndiyo mteremko. Ulifanya kinyume. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa upepo na mawimbi kila siku, ni wa bure. Mwambie mtu wa pwani unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, na uwe na simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingia maji. KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) wana boti za uokozi, lakini boti haitoki bila mtu wa kuwaambia.

Na swali: ulishawahi kujipindua makusudi?

Mgeni_wa_Maji

Ahsante mzee wangu, nimepokea. Kujipindua, hapana.

Nahodha_Mstaafu

Basi hujawa tayari. Nenda maji ya kifuani, pindua, panda tena. Usipande kwa ubavu kama unapanda kitanda, itakuangukia. Igeuze kwanza, kisha shika upande wa mbali, piga miguu mpaka mwili ulale majini, jivute ulale tumbo juu yake, ndipo ugeuke ukae. Fanya mara kumi. Halafu fanya na jaketi, maana jaketi linazuia tumbo. Na kama utatia nanga, kamba itoke puani au mkiani, katu si ubavuni. Mkondo ukiikamata kayaki kwa ubavu inakunywa maji mara moja.

Kijana wa Kwerekwe

Je kibali kinahitajika? Nataka na mie.

Chubwi_Zito

Zanzibar kuna Sheria ya Uvuvi Nam. 7 ya 2010, na Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997. Usishuke tu ukaanza kurusha. Anzia kwa sheha na kamati ya wavuvi ya pale diko, watakueleza kibali cha aina gani na wapi pamefungwa kwa wakati huo. Mshipi na ndoana hauna ugomvi na watu, wanaochukiwa ni wa juya la kukokota. Lakini adabu ni kuuliza. Mwenye uzi alikuwa na ami yake, wewe una nani?

Kijana wa Kwerekwe

Nina kayaki ya kukodi 😅

Mama_Kitoweo

Nyote mmesahau jambo. Kolekole huyo amekaa juani tangu saa moja mpaka saa nane na gunia tu? Kibua, jodari, nguru, kolekole, wote hao wakikaa kwenye joto wanatengeneza sumu ambayo hata ukipika masaa haitoki. Uso unawaka, kichwa kinagonga, vipele mwili mzima, mtu anadhani ana mzio wa samaki. Kesho yake anakula samaki mwingine wala haimdhuru. Chukua chupa za maji, zigandishe barafu nyumbani, tia kwenye kisanduku cha povu. Zikiyeyuka unakunywa. Na ukimvua tu mkate matamvua atoke damu, nyama inabaki nyeupe.

Mgeni_wa_Maji

Mama, ni kweli na niliogopa. Gunia nilikuwa nalilowesha kila dakika chache mpaka maji yalipokwisha, baadaye nikawa nalilowesha kwa maji ya kunywa. Ami alimfunua tamvua, akanusa, akabonyeza ubavu, akasema yuko sawa ila usinifanyie tena. Tukamla chukuchuku jioni ile ile, ndimu nyingi na pilipili mbichi, kichwa akachukua ami bila kuuliza mtu. Hakuna aliyewaka uso.

Kilo moja na nusu nilipeleka Uzi kesho yake kwa wale kina mama. Nilivuka na gari saa nne maji yakiwa yamekauka barabarani. Nimejifunza hilo angalau.

Mpemba_Asili

Haya, nimesoma yote, nakubali kayaki si mchezo wa watalii tu. Lakini njoo Pemba. Upande wa kisiwa cha Misali unapiga kafi kidogo tu chini yako ni kilindi cha mamia ya mita, nguru na jodari wanapita mlangoni. Chambo vibua, tunawavua usiku kwa taa. Ila vibua wako hawatakaa kwenye dumu, wanataka ndoo ya duara isiyo na pembe na maji yabadilishwe kila mara.

Chubwi_Zito

Au pampu ndogo ya betri, ile ya tangi la samaki wa mapambo. Inatoa mapovu, vibua watano sita kwenye ndoo ya lita ishirini wanafika mchana. Zaidi ya hapo unapika supu.

Mgeni_wa_Maji

Pemba nitakuja, nikishajipindua mara kumi. Safari ijayo ni Jumapili ya wiki mbili zijazo, maji mafu, nimeangalia kalenda ya ukutani mara tatu na nimempigia ami. Aliponiuliza nikajibu mwezi tisa. Akasema, "Wa Septemba?"

Fundi_Pikipiki_Amani

Shemeji. Nimesoma uzi wote kimya. Dumu langu?

Mgeni_wa_Maji

Shemeji, hilo nitakuja kulieleza nyumbani.